Ndege Anayeandamana na Siafu

SWALI: Mhariri, nyumba yetu ipo juu kidogo ya Tukuyu, pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe. Mwezi Juni, siafu walipopita nyuma ya jiko, alikuja ndege mdogo wa kifua cha njano, mwenye doa jeupe mbele ya kila jicho, akawa anawaandama. Je, anakula siafu? – Msomaji, Rungwe

JIBU: Ndege huyo, kwa jinsi ulivyomweleza, ni wa jamii ya kurumbiza, na wataalamu humwita Pogonocichla stellata. Shabaha yake si siafu wenyewe, bali panzi, buibui na mende wanaokurupuka kutoka chini ya majani makavu msafara unapowafikia. Yeye hutua kwenye kijiti cha chini, akatulia kimya, kisha akashuka ghafla, akadaka na kurudi kivulini. Siafu wanamfanyia kazi ya kufukua, naye hawalipi chochote.

Ukimwona tena, tazama koo lake, kwa maana pana doa la tatu jeupe ambalo aghalabu hufichwa na manyoya. Makinda hawana madoa hayo meupe. Wana madoadoa ya rangi ya dhahabu, na watu wengi huwadhania kuwa ndege wengine kabisa.

Kuhusu Juni, baridi inapozidi huko juu, baadhi yao huteremka kwenye misitu ya chini, na pengine ndiyo sababu alifika jikoni kwenu. Kiota chake hukijenga ardhini, chenye paa na mlango wa pembeni, kwa hiyo mfungieni paka.