Fedha za ziada za mwanangu zinakwenda wapi?

SWALI: Shangazi, tunaishi England. Shule inapokea fedha za ziada kwa ajili ya mwanangu, lakini sijaona hata daftari. Zinakwenda wapi?

JIBU: Mwanangu, fedha hizo za serikali, ziitwazo Pupil Premium, zilizoanza 2011, hupewa shule, si mzazi. Huhesabiwa mtoto aliyewahi kustahili chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato kidogo nyumbani, ndani ya miaka 6 iliyopita. Mwalimu mkuu huweza kuwanoa walimu, au kulipia vikundi vidogo vya kusoma. Nimefundisha miaka mingi: asiyesoma vizuri hukwama hata kwenye hesabu za mafumbo. Ningeanzia hapo! Shule hutakiwa kuweka mpango wa kutumia fedha hizo kwenye tovuti yake. Usome, kisha muulize mwalimu wa darasa mwanao anasaidiwa vipi.