Kwa intani mnaoingia wodi ya akili

Juzi nimesoma kwenye faili: "Mgonjwa hatulii, anazungukazunguka, ongeza haloperidoli." Aliyeandika aliongeza dawa hiyo ya ugonjwa wa akili bila kumwuliza mgonjwa hata swali moja. Wanangu, hili tumelifanya miaka mingi mno, na ninyi hamna sababu ya kulirithi.

1. Pima sukari, pima malaria, uliza kifafa na pombe. Ndipo useme ni akili.

2. Anayezunguka si lazima awe amezidiwa na ugonjwa. Miaka ya tisini nilikuwa na kijana fundi seremala. Sauti alizokuwa akisikia zilinyamaza mapema, nikafurahi. Kisha akaanza kutembea, kitandani hadi mlangoni na kurudi, usiku kucha. Nikaongeza dozi. Akazidi. Nikaongeza tena. Akanishika mkono: "Daktari, sauti zimekwisha, ni miguu inakataa kukaa." Nami nikaliandika hilo kama dalili! Muuguzi mzee wa zamu ya usiku ndiye aliyenivuta pembeni akaniuliza, "Hii si akathizia, ile hali ya kushindwa kutulia inayoletwa na dawa zenyewe?" Tukapunguza dozi, tukaanza propranololi, dawa ya kupunguza hali hiyo, kijana akakaa chini akala. Lakini alipotoka aliapa hatameza tena dawa ya hospitali. Ugonjwa ukamrudia, mama yake akaja kunieleza, na sikuwa na la kumjibu. Alikuwa ameniambia ukweli, nikamwadhibu kwa sindano.

3. Shingo ikipinda na macho yakipanda juu, ni dawa kama hiyo haloperidoli inayomfanya hivyo. Mpe Artane, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamazwa hivyo, na waeleze ndugu zake kabla hawajamkimbiza kwa mganga.

4. Jueni mlikotoka. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ile ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na kwa miongo kadhaa kazi kubwa ilikuwa kufungia watu. Klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, milango ilianza kufunguka duniani. Ila dawa iliyofungua milango tuliigeuza kamba: wodi ikiwa kimya, tukadhani watu wamepona. Kule hospitali ya akili ya Aro, Nigeria, daktari Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa vijijini, kila mmoja na ndugu yake. Kwa hiyo yule mama anayekaa nje na chupa ya uji msimfukuze. Anajua mwanawe alivyokuwa kabla ya dawa, na ninyi hamjui.

5. Modecate, sindano ya ugonjwa wa akili inayofanya kazi kwa wiki kadhaa: andika tarehe ya sindano ijayo kwenye kadi ya mgonjwa, si kwenye faili lenu tu. Na ukimchoma, mwulize miguu inaendeleaje.