Kabla hujafungua taasisi, rudi kule ulikoshutia

Filamu yangu ya pili ilikuwa na mvua. Mwandishi aliweka mstari mmoja tu, mvua inanyesha na mama anatoka nje, na mstari huo ukanigharimu maboza mawili ya maji, pampu ya kukodi na siku nzima ya kazi. Tulikuwa kwenye kijiji cha wavuvi upande wa Bagamoyo, mwezi wa Septemba, jua limekaza. Mafundi wakapandisha bomba juu ya mnazi, pampu ikawashwa, maji yakaanza kumiminika kwenye ua wa nyumba tuliyoiazima.

Wanawake wa pale kijijini walikuwa wamesimama nyuma ya kamera na ndoo zao. Mimi sikuwaona, macho yangu yalikuwa kwenye saa na kwenye boza. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyenifuata. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya maji mkimaliza kuyamwaga, yatabaki?" Dumu la lita 20 pale lilikuwa linauzwa shilingi 500, linaletwa kwa baiskeli. Boza la pili lilikuwa bado na nusu, nikamwambia yatabaki. Mwongozaji akaomba sini irudiwe mara mbili zaidi, nikakubali, na hayakubaki.

Vijana wengi wananiandikia wakitaka kujua mtu anawezaje kuwa mtayarishaji wa filamu na papo hapo akaongoza taasisi ya hisani. Wanauliza kuhusu usajili, wafadhili, jinsi ya kuandika andiko la mradi. Hayo nitayagusa. Lakini mimi taasisi yangu ilianzia kwenye ua ule uliolowa, na kama una filamu hata moja nyuma yako, nadhani na ya kwako ina ua wake mahali fulani.

Kazi ya mtayarishaji, ukiitazama vizuri, ni kuomba na kuahidi. Unaomba nyumba ya mtu, mtumbwi wake, uso wa mtoto wake, ukimya wa mtaa mzima kwa saa tatu. Unaahidi posho, chakula, jina kwenye orodha ya mwisho, siku ya kuja kuionyesha filamu palepale uwanjani. Ahadi nyingine hazimo kwenye mkataba wowote, unazitoa umesimama juani unataka watu wanyamaze ili sauti irekodiwe. Watu wa lokesheni huzikumbuka zote. Ukitaka kujua taasisi yako ishughulike na nini, usianze kwa kutafuta jina na nembo. Rudi ulikoshutia, kaa na wenyeji, waulize uliwaachia deni gani.

Wapo waliofanya hivyo kwa ukubwa kuliko mimi, na nimejifunza kwao. Simon Channing Williams, Mwingereza aliyetayarisha filamu nyingi za mwongozaji Mike Leigh, alikuja Kenya kutengeneza The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005. Walishuti Kibera, na wakashuti Loiyangalani, kule kando ya Ziwa Turkana. Hali waliyoikuta iliwafanya waanzishe mfuko uliobeba jina la filamu yenyewe, Constant Gardener Trust, wa kusaidia elimu ya msingi kwenye maeneo hayo hayo mawili. Ninachokipenda pale ni udogo wa ramani. Hawakusema Afrika, wala hawakusema Kenya nzima. Walisema hapa na pale, tulipokanyaga. Channing Williams alifariki mwaka 2009.

Mwingine ni Mira Nair, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa India. Salaam Bombay! ya mwaka 1988 iliigizwa kwa sehemu kubwa na watoto wa mitaani wa jiji la Bombay, Mumbai ya leo, ikapata Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la Cannes. Mwaka huohuo ikaanzishwa Salaam Baalak Trust kwa ajili ya watoto kama wale. Baadaye, mwaka 2004, akaanzisha Maisha Film Lab Kampala, mji aliohamia wakati wa kuandaa filamu yake kuhusu Wahindi waliofukuzwa Uganda. Maisha inawafundisha vijana wa Afrika Mashariki uandishi, uongozaji na utayarishaji. Yaani alichowapa watu wa huku ni ufundi wake mwenyewe, kitu anachokijua kuliko wafadhili wote. Mtayarishaji asiye na fedha nyingi anaweza kuanzia hapo: una kamera, una mafundi, una wiki mbili katikati ya kazi na kazi.

Sasa niseme la fedha, maana ndilo lililoniumiza.

Mwaka mmoja baada ya ile sini ya mvua, taasisi yangu ilikuwa na akaunti na shilingi milioni sita ndani yake. Fedha ile ilichangwa kwa kazi moja tu: tangi la kuvunia maji ya mvua, mifereji ya bati na msingi wa zege kwenye shule ya msingi ya kijiji kile. Nilikuwa mtia saini pamoja na binamu yangu, ambaye alisaini chochote nilichomletea. Wakati huohuo filamu ya tatu ilikuwa imekwama kwenye sauti. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimeahidi kutulipa ndani ya siku 30, zikapita 60, zikapita 90. Fundi wa sauti alikuwa na mgonjwa nyumbani na alinidai kwa haki kabisa. Nikatoa ile milioni sita nikamlipa yeye na wenzake. Nilijiambia ni mkopo wa wiki tatu.

Kituo kililipa mwezi wa tano. Kufikia hapo masika ilikuwa imeshakuja, imenyesha juu ya bati la shule, imeteremka mchangani na kupotea. Mwalimu mkuu hakunipigia simu kulalamika, na ukimya wake ulinitesa kuliko lawama. Fedha niliirudisha yote, na ziada. Mvua sikuweza kuirudisha. Mara mbili nilikuwa nimemwaga maji mbele ya watu wenye kiu.

Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: kampuni ya filamu na taasisi ni nyumba mbili. Filamu ni biashara ya hatari, leo unayo kesho huna, na kila mtayarishaji aliyebanwa hutazama fedha yoyote iliyo karibu kama njia ya kutokea. Angalia mfano wa Jeff Skoll, rais wa kwanza wa eBay, lile soko la mtandaoni. Taasisi yake, Skoll Foundation, aliianzisha mwaka 1999. Kampuni yake ya filamu, Participant, ikaja mwaka 2004, ikahusika na filamu zenye ujumbe wa kijamii, na mbili kati ya hizo, Spotlight na Green Book, zikatwaa Oscar ya filamu bora. Aprili 2024 Participant ilifungwa, baada ya miaka 20 na mafanikio yote hayo. Taasisi haikufa nayo, kwa sababu haikuwa chumba cha nyuma cha kampuni. Kama bilionea anaifunga kampuni yake ya filamu, wewe na mimi tusidhani zetu ni za milele. Panga taasisi kama mtu anayejua kwamba kampuni inaweza kufa mwakani.

Kwa hapa Tanzania, kampuni ya filamu unaisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Taasisi ina njia zake: unaweza kuisajili kama shirika lisilo la kiserikali kwa Msajili wa NGO chini ya sheria ya mwaka 2002, au ukaunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mtafute mwanasheria akueleze ipi inakufaa, umlipe, usiombe msaada wa bure kwa jambo linalogusa fedha za watu. Kisha fanya lile lililonichukua muda mrefu kulikubali: ondoa saini yako benki. Mimi leo ni mwenyekiti, naongea, nachangisha, natembelea, lakini siwezi kutoa hata shilingi kumi. Watia saini ni watatu, mmoja ni mwalimu mstaafu wa kijiji kile, na hakuna hata mmoja anayelipwa na kampuni yangu.

Jambo jingine la bajeti. Usisubiri faida ya filamu ndipo utoe. Faida ya filamu zetu huja kwa matone, au haiji. Weka mstari wa jamii ndani ya bajeti kabla hujaanza kushuti, karibu na ule mstari wa dharura ambao kwa kawaida ni asilimia 10, na umwoneshe mwekezaji akiwa bado mezani. Wawekezaji watatu nimewaonesha; mmoja alikataa. Wawili walisema sawa hata kabla sijamaliza kueleza.

Na kamera iache nyumbani. Najua tumezoea kurekodi, ndiyo kazi yetu, lakini mtoto anayepokea daftari mbele ya lenzi anajifunza kwamba daftari lina bei. Wafadhili wangu wanapata risiti, taarifa ya mkaguzi na mwaliko wa kwenda kuona wenyewe.

Kilichonishinda kwa muda mrefu zaidi ni tabia tuliyokuzwa nayo kwenye filamu, tabia ya siku ya mwisho. Sisi tunashuti siku 18 au 25, tunakumbatiana, tunapiga picha ya pamoja, jenereta inapakiwa, tunaondoka. Nilipeleka tangi kijijini kwa mtindo huohuo: hafla, pilau, hotuba, gari likarudi mjini. Miezi minne baadaye koki ikakatika. Koki yenyewe ni ya bei ndogo sana, lakini hakuna aliyejua ni ya nani kuinunua, shule ilidhani ni ya taasisi, taasisi ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa Mwanza nashuti. Tangi la lita 5,000 lilikaa tupu kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Tangu hapo hatununui kitu kabla kamati ya wenyeji haijakaa, haijachagua mshika ufunguo na haijakubaliana fedha ya matengenezo itatoka wapi. Vikao hivyo vinachosha. Kimoja kilichukua siku nzima wakibishana kama wasio na watoto shuleni nao wachote, na nilikaa nikasikiliza mpaka wakamaliza wenyewe. Walikubaliana wachote jioni, ndoo moja kila nyumba.

Mwaka huu tumerudi kijiji kilekile na filamu nyingine. Siku ya kwanza, kijana wetu wa vifaa alienda shuleni saa nne asubuhi na madumu manne kuomba maji ya kupikia. Mshika ufunguo, binti wa yule bibi mwenye nyumba, alimwonesha daftari la kamati, akamwambia wageni hawamo, na saa nne si saa ya kuchota. Kijana akanipigia simu, anataka niongee naye. Nilimwambia arudi barabarani akasubiri baiskeli ya maji kama watu wengine, na anunue manane, manne apeleke kwa bibi.