Kabla hujaandika makro ya kukunjua kitanzi

Ndugu, unauliza kama uandike makro yako (msimbo unaozalisha msimbo mwingine) katika lugha ya programu ya Julia ya kukunjua kitanzi, yaani kuandika hatua zake moja kwa moja badala ya kuzirudia, maana kujumlisha namba za matriki kubwa kunakula muda. Ningesubiri. Umeandika `for i in 1:m, j in 1:n` huku ukisoma `A[i,j]` (mstari i, safu wima j). Hapo j ndiyo inayozunguka ndani, ilhali Julia huhifadhi matriki safu wima moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila hatua unaruka mbali kwenye kumbukumbu. Geuza: j nje, i ndani. (Na kitanzi kiwe ndani ya funksheni, tafadhali!)

Kisha weka `@inbounds @simd` kwenye kitanzi cha ndani tu. `@inbounds` huondoa ukaguzi wa mipaka ya matriki. Ukikosea fahirisi (namba ya nafasi, kama i au j) utapata takataka au programu ife ghafla. `@simd` (kuchakata namba kadhaa kwa pamoja) huruhusu mpangilio wa kujumlisha ubadilike, kwa hiyo usishtuke tarakimu za mwisho za jibu zikitofautiana.

Vitanzi vifupi vyenye idadi ya mizunguko inayojulikana mapema, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) mara nyingi hukunjua yenyewe. Makro yako ina maana pale idadi ya vitanzi vilivyo ndani ya vingine inapotegemea idadi ya vipimo (dimensions) vya data. Hapo tazama `@nloops` ya Base.Cartesian (moduli ya Julia yenyewe), inayozalisha vitanzi hivyo, halafu usome msimbo uliozalishwa kwa kutumia `@macroexpand`.