Ndoo kichwani, uniti za LUKU na breki za lori: majibu ya maswali yenu ya fizikia

Kila siku najitwika ndoo ya maji kutoka kisimani, njia yote ni tambarare. Mwalimu anasema hapo sijafanya kazi. Kweli?

Pole kwa shingo, mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi, ila kakupa nusu ya maelezo. Katika fizikia, kazi ni kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) mara umbali ambao kitu kimesogea kuifuata kani hiyo. Ndoo ya lita 20 huvutwa chini kwa kani ya nyutoni 200 hivi. Ukiiinua mita 1.5 hadi kichwani, umefanya kazi ya jouli 300. Ukianza kutembea, kichwa kinaisukuma juu huku yenyewe ikienda mbele. Haipandi wala haishuki. Kazi ya kuibeba, sifuri.

Jasho je? Meza ikitwishwa ndoo hiyo mwezi mzima haichoki. Misuli si meza. Nyuzi zake hukaza na kulegea muda wote ili mzigo usianguke, na kila zikikaza zinakula nishati ya ugali wako, ambayo huishia kuwa joto. Nalikazania hili kwa sababu nimeona watoto wenye akili wakiichukia fizikia siku walipoambiwa jasho lao ni sifuri. Sifuri ni ya ndoo, si yako.

Kupanda ngazi mbio na kupanda taratibu, ipi ni kazi kubwa zaidi?

Ni ileile. Mtu wa kilo 60, yaani nyutoni 600 hivi, akipanda mita 3 amefanya kazi ya jouli 1,800. Kinachotofautiana ni uwezo, yaani kazi kwa kila sekunde, unaopimwa kwa wati: akitumia sekunde 6 ni wati 300, akitumia sekunde 20 ni wati 90.

Uniti za umeme ninazonunua za LUKU ndizo wati?

Hapana. Wati zimeandikwa kwenye kifaa. Uniti ni nishati yenyewe unayoinunua na kuitumia. Uniti moja ni kilowati moja (wati 1,000) ikitumika kwa muda wa saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Birika la umeme la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Balbu ya wati 10 huimaliza kwa saa 100, kwa hiyo kabla ya kugombana na watoto kuhusu taa, liangalieni birika kwanza.

Mimi ni utingo. Tukishuka mlima Kitonga breki zinanuka. Ile nishati inakwenda wapi?

Inakwenda palepale unaponusa. Lori la tani 30 likishuka mita 100 za kimo, linaachia jouli milioni 30, zaidi ya uniti 8 za umeme. Lisipoongeza mwendo, nishati hiyo lazima itoke kama joto, na breki zikibebeshwa yote peke yake huwaka na kuanza kuteleza. Ndiyo maana dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ibebe sehemu kubwa ya mzigo huo. Akisubiri mpaka harufu itoke, kachelewa.