Maswali yenu wiki hii: kubishana siasa kwenye grupu na bado mkabaki ndugu

Haya jamani, wiki hii maswali karibu yote yaliyoingia ni ya siasa kwenye magrupu ya WhatsApp, ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya vikoba, ya mtaa, watu wamegombana kweli kweli na wengine wanaandika huku wanaumia. Nimechukua sita, majina nimeyatoa.

Baba yangu mdogo kila asubuhi anatuma mafowadi ya siasa kwenye grupu la ukoo, mengi ni uongo. Nikimsahihisha naambiwa sina adabu. Nifanyeje? (Mwanza)

Kwanza usimsahihishe pale pale mbele ya shemeji zake na wajukuu, ata kama ushahidi unao mkononi, kwasababu mtu mzima ukishamuumbua hadharani habari anaiacha anaanza kushindana na wewe. Mfuate inboksi. Anza na shikamoo baba, muulize habari za nyumbani, alafu mwambie ile picha ya asubuhi nimeiangalia, hebu tuiangalie wote.

Mie mama yangu mkubwa aliwahi kutuma picha ya umati imeandikwa ni mkutano wa kampeni Kahama, watu kama mchanga. Nikamkuta jikoni anachambua mchele, nikakaa naye, tukaikuza ile picha kwenye simu yake taratibu. Nyuma ya watu kulikuwa na duka la dawa, kibao chake kimeandikwa Pharmacie, na gari zote barabarani zinaendeshwa kulia. Nikamuuliza mama, Kahama tunaendesha upande gani? Akaishika simu akaisogeza karibu na macho, akakaa kimya, akasema basi alienitumia kanidanganya. Toka siku iyo akitumiwa kitu kinachomshtua ananitumia mie kwanza kabla ya grupu. Yani dakika kumi jikoni zimefanya kazi ambayo mwaka mzima wa kubishana kwenye grupu haikufanya.

Alafu mfundishe mishale. Ujumbe ukiwa na mishale miwili juu yake ujue umeshafowadiwa mara nyingi, mikono mitano au zaidi, na alieuandika mwanzo hamumjui wala hamtamjua. WhatsApp wenyewe ilibidi wabane, Januari 2019 dunia nzima ikawa unafowadi sehemu 5 tu kwa mpigo, na Aprili 2020 kipindi cha korona ule wa mishale miwili ukawa unaenda sehemu moja moja. Kilichowafanya waanze kubana ni India 2018, uvumi wa watekaji watoto ulizunguka kwa fowadi mpaka watu wasio na kosa lolote wakapigwa na wanakijiji mpaka kufa. Mwambie baba ivo ivo, watu walikufa kwa ujumbe kama huu.

Na usimhukumu sana. Oktoba 29, 2025 siku ya kupiga kura intaneti ilizimwa nchini kwetu Tanzania ikakaa siku kadhaa, ilivyorudi kila mtu alikuwa na njaa ya kujua nini kimetokea, nani yuko salama nani hayuko, na mwenye njaa hachagui. Wazee wetu wanatuma kwasababu wana wasiwasi na nchi na watoto wao, sasa wewe mpe kitu cha kweli cha kutuma.

Mimi ni admini wa grupu la tuliosoma pamoja sekondari, tuko 140. Siasa inatuvuruga. Nipige marufuku? (Dar)

Usipige. Nakwambia kwasababu mie nilipiga, mwaka 2020 wakati wa uchaguzi, nikaandika kwa herufi kubwa SIASA MARUFUKU HUMU nikaona nimetulia. Ndani ya wiki mbili yakazaliwa magrupu mawili pembeni, hawa huku wale kule, na huko hakuna anaempinga mwenzie kwahiyo kila siku maneno yanazidi ukali. Grupu kubwa likabaki happy birthday na pole. Mwenzetu mmoja akafiwa na mama yake, tukaposti namba ya mchango, nusu ya watu wakasoma tiki zikawa bluu na wasitume kitu. Ndo nilipojua marufuku yangu haikuondoa ugomvi, iliondoa tu mahali ambapo tungeuona tukaushughulikia.

Na mie nimekulia Unguja, haya mambo nayajua kabla ya simu. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu Pemba na Unguja walisusiana kwa vyama, CCM na CUF, huyu haingii duka la yule, maziko hayahudhuriwi, watu hawasali msikiti mmoja, wengine ndoa zilivunjika. Si wageni hao, ni watoto wa mama mmoja. Miaka imepita mingi ikaja miafaka ikavunjika, mpaka Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakaa wawili wakazungumza, na Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Sijasema yaliisha yote, hayakuisha, lakini salamu zilirudi, na kuna mtu nilimuona kwa macho yangu anaingia kwenye maziko ya jirani yake ambae walikuwa hawapeani mkono miaka yote ile, akashika jeneza.

Nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe, watu wanabishana siasa kutwa nzima na sauti juu, na kesho yake wako palepale na kahawa yao. Kwanini wanaweza? Kwasababu anaekujibu unamuona uso, na kikombe anachonywea umemlipia wewe. Kwenye grupu hivyo vyote havipo, sasa admini kazi yako ni kuvirudisha kidogo. Ruhusu siasa, kataza kumtaja mwenzako kabila, dini au mama yake. Anaeleta habari aseme kaitoa wapi. Mkishaanza kujibizana watu wawili tu zaidi ya mara tatu, mwambie mmoja ampigie mwenzie simu. Usiku wa matokeo grupu funga, kuna setingi ya admini peke yake kutuma, fungua asubuhi watu wameshalala. Na matusi yafute bila kujadiliana, tangu 2022 admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote, lakini mwambie inboksi kwanini umefuta, usimuache ajiulize.

Kwenye grupu letu la estate watu wanaitana majina ya makabila wanasema ni matani tu. Mstari uko wapi? (Nakuru)

We uko Nakuru ndugu yangu, wewe ndo ungenifundisha mie. Matani ni pale mnaetaniana mnacheka wote na kesho mnaazimana sufuria. Likishakuwa neno la kumwambia mtu hapa si kwenu hilo si tani ata kama limewekewa emoji kumi za kucheka. "Madoadoa" ni neno la kawaida la Kiswahili, mbuzi ana madoadoa, kanga ana madoadoa, lakini kule Bonde la Ufa, Kenya, neno hilo lilitumika kumaanisha watu wa makabila mengine waondolewe, ndo maana Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa zaidi ya watu 1,100 na malaki wakahama makwao, na Nakuru mliyaona kwa macho. Neno likianza grupuni, usisubiri admini. Andika wewe kwa utulivu, "jirani, hilo neno naomba tusilitumie hapa," basi, usihutubu. Mara nyingi mmoja akisema wanatokea wengine watatu waliokuwa wanaogopa kuanza.

Kila mtu kwenye grupu ana namba zake za matokeo, nani nimwamini? (Mombasa)

Mwambie alete fomu. Nyinyi Wakenya mna bahati kubwa, 2022 IEBC, tume yenu ya uchaguzi, iliweka fomu 34A za vituo vyote zaidi ya 46,000 mtandaoni, mtu yeyote na bando lake akafungua fomu ya kituo chake akaona kura zilizohesabiwa pale. Haikumaliza ubishi, makamishna 4 kati ya 7 walikataa matokeo na kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ikaamuliwa Septemba 5, lakini angalau watu walikuwa wanabishana juu ya karatasi inayoonekana. Asie na fomu mwambie kwa heshima kwamba hiyo ni hesabu ya moyoni mwake, akiipata karatasi aje tuisome wote.

Niliandika "kama nilivyopokea" alafu nikafowadi. Naweza kufungwa? (Morogoro)

Kushtakiwa unaweza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinagusa taarifa za uongo zinazosambazwa kwa nia ya kupotosha, kutukana au kutisha, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Mie naona kifungu kile kipana mno na kimewatia watu hofu ya kusema ata mambo ya haki, na hilo nalisema wazi. Lakini "kama nilivyopokea" haikukingi, simu iliyotuma ni yako. Kufuta nako kunasaidia kidogo tu, kuna alieshapiga skrinshoti. Kama hujui kitu ni kweli, usikitume, muulize mtu aliepo eneo la tukio.

Nipo Maskati mwaka wa tisa. Nikichangia siasa wananiambia "we uko nje kaa kimya," lakini ada na hospitali naambiwa mimi. Inaniuma. (Oman)

Dada pole, na ikuume, si halali. Anaelipia dawa za mama ana haki ya kuuliza hospitali ya wilaya kwanini haina dawa, iyo ndo siasa yenyewe. Tayari kura huwezi kupiga ukiwa huko maana Tanzania haina utaratibu wa kupigia kura nje ya nchi, sasa na mdomo pia wakufunge? Sema. Ila kuna kitu kimoja nakuomba kama mdogo wangu, ukitaka kuwaambia watu wa nyumbani watoke, wakatae, wasimame, mpigie kwanza kaka yako umuulize mtaani kukoje leo, kwasababu wewe ukimaliza kuandika unaenda kazini, yeye anafungua mlango wake palepale. Wakishajua unapiga kwanza ndo unaandika, hilo neno la "uko nje" wataliacha wenyewe. Na wakirudia tena, tuma voisi, wasikie sauti yako, maandishi yanamfanya mtu aonekane mgeni.