Kabla hujamlaumu Samus: namna ya kucheza mechi ngumu kwenye Smash

Kila anayecheza Smash, gemu ya Nintendo ya kupigana na kurushana nje ya uwanja, ana mhusika mmoja ambaye akichaguliwa tu upande wa pili, moyo unashuka. Kwangu ni Samus, mwenye bunduki ya makombora mkononi. Mimi nacheza Bowser, mzito kuliko wahusika wote kwenye Super Smash Bros. Ultimate, mwenye mwili mkubwa ambao kila kombora linaupata. Mechi hiyo nimeicheza kwa miaka, kwa kufungwa na kwa kufunga, na imenionyesha jambo ambalo naona wenzangu wengi wa Dar hawajalitilia maanani. Tukisema mhusika fulani anatusumbua, mara nyingi anayetusumbua ni mtu fulani anayemtumia, na dawa ya mtu na dawa ya mhusika ni mbili tofauti.

Hili linatugusa sisi kuliko linavyowagusa wachezaji wa Tokyo au Los Angeles. Gemu ina wahusika 89, wa mwisho akiwa Sora aliyeongezwa Oktoba 2021, lakini tunaoicheza kwa dhati hapa mjini tunajuana. Vibanda vya gemu vya mtaani, kuanzia Manzese mpaka Mbagala, ni vya PlayStation na mpira. Switch, mashine ya Nintendo inayocheza Smash, utaikuta sebuleni kwa mtu. Matokeo yake kila mhusika ana mwenyewe. Ukisema Link, watu wanamfikiria jamaa mmoja wa Magomeni. Ukisema Lucina, ni dada mmoja wa Tabata. Yote unayoyajua kuhusu Link umeyapata kwa yule wa Magomeni: akining'inia ukingoni na asilimia za kuumia zimepanda, ataruka, akirusha boomerang, ataifuata mbio. Hayo ni mazoea yake, Link hana habari nayo. Siku akija Link mwingine kutoka Arusha au Nairobi ambaye pale ukingoni hubiringika badala ya kuruka, sebule nzima inacheza kana kwamba haijawahi kumwona Link. Nimelishuhudia hilo Sinza, tunakokutana kucheza, na kwa wahusika zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, tenganisha. Kitu kilichokupiga, jiulize kama mchezaji yeyote wa mhusika huyo angeweza kukufanyia hivyo, au ni huyu tu ndiye anayependa kukifanya. Swali la mhusika linajibiwa na gemu yenyewe, hata ukiwa peke yako nyumbani. Sehemu ya mazoezi ina uwanja wenye mistari ya kupimia umbali, na unaweza kupunguza mwendo wa gemu ukaona pigo linaanzia wapi na linaishia wapi. Pima. Mguu wa huyu unafika mstari wa ngapi? Akikosa, anakaa wazi kwa muda gani? Marekebisho ya mwisho ya nguvu za wahusika yalitoka mwishoni mwa 2021, kwa hiyo ulichokipima leo hakitakugeuka mwezi ujao. Swali la mtu linajibiwa na marudio ya mechi mlizocheza. Gemu inakuruhusu kuzihifadhi, na ukitazama tatu au nne mfululizo, ukiangalia jambo moja tu, kwa mfano anafanya nini kila anaposhika ukingo, mazoea yake yanajitokeza yenyewe.

Ila njia ninayoiamini kuliko zote ni kumshika huyo mhusika mikononi mwako. Badilishaneni. Mwambie jamaa achukue Bowser wako, wewe chukua Samus wake, mcheze hivyo jioni nzima. Nilipofanya hivyo niligundua kitu ambacho kukaa upande wa Bowser kusingenionyesha kamwe: Samus anaogopa mtu anayetembea. Anayekimbia, unamtegea kombora. Anayeruka, unamsubiri anakoshukia. Yule anayekuja polepole huku ngao ikiwa tayari, kila hatua yake inakunyang'anya nafasi ya kufanya kazi, na unaanza kurusha vitu ovyo.

Nikae kidogo hapo kwa Samus, maana somo lake linafaa kwa wahusika wote wa kurusha au kupiga kwa mbali, awe Young Link, awe Min Min, awe Snake.

Samus ana makombora mawili. Moja linakufuata, mwendo wake wa taratibu. Jingine linakwenda moja kwa moja, kasi. Halafu ana Charge Shot, risasi kubwa ambayo anaichaji, anaihifadhi, na anatembea nayo kama mtu mwenye jiwe mfukoni. Ikijaa mwili wake unametameta, kwa hiyo hakuna siri. Anataka ujue anayo. Mchezaji anayejua iko pale huanza kuruka mapema kabla hata haijarushwa, na akiwa hewani hana ngao. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye gemu hii alikaa nyuma yangu akitazama nikipoteza maisha yote matatu namna hiyo. Mechi ilipoisha akasema, "Mdogo wangu, hapo hujafungwa na Samus. Umefungwa na kuruka."

Basi tembea. Sikimbii kuelekea kwa Samus isipokuwa nimeshamwona anaanza kuchaji kwa mbali. Ukiwa unatembea, ngao inainuka papo hapo. Kombora, ngao, hatua mbili. Kombora, ngao, hatua mbili. Inachosha na haipendezi machoni, na asilimia chache utakula, lakini Bowser anastahimili asilimia nyingi kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Uzito wake ni 135, wakati Pichu, mwepesi kuliko wote, ni 62. Uzito huo ndio mtaji wako, utumie kununua hatua.

Jifunze na kupangua. Kwenye Ultimate hupangui kwa kuinua ngao, unapangua kwa kuiachia: pigo likikukuta ndani ya fremu 5 (picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu) za mwanzo tangu uiachie, umelipangua na unabaki huru kujibu. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi yenyewe haifiki sehemu ya kumi ya sekunde. Usianze kujifunza kwa Charge Shot. Anza na lile kombora la taratibu linalokufuata, maana unaliona likija tangu mbali. Na hapa niseme jambo la televisheni, kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa bure: televisheni nyingi za sebuleni huchelewesha picha zinapoipamba. Ingia kwenye mipangilio, washa hali ya gemu. Bila hivyo unapangua kombora ambalo kwenye gemu limeshakupiga. Kucheza mtandaoni ni shida ya aina hiyohiyo. Smash inaunganisha wachezaji moja kwa moja, mashine kwa mashine, hivyo mpinzani akiwa Ulaya kila kitufe chako kinasafiri kwanza. Mtandaoni jifunze mazoea ya watu. Kupangua jifunzie sebuleni.

Ukishafika karibu, hapo ndipo wengi tunapoharibu, maana tumeisubiri nafasi muda mrefu na tunataka kuila yote. Samus ana Screw Attack, pigo la kupaa akizunguka, inayotoka upesi sana ndani ya ngao. Ukimpiga kwenye ngao ukabaki umesimama pale, anakurusha juu na safari inaanza upya. Gusa, rudi nyuma nusu hatua, inua ngao, umwache arushe hiyo Screw Attack hewani, kisha umwadhibu. Bowser naye ana Whirling Fortress, pigo la kuzunguka ndani ya gamba lake, inayotoka fremu ya 6, na watu wakishaizoea wanaogopa kugusa ngao yako, kwa hiyo mchezo unakuwa wa kungojeana. Lengo langu pale si kumuua haraka. Nataka katikati ya uwanja iwe yangu na mgongo wake uwe ukingoni, maana kombora halina maana pasipo umbali. Ukimrusha juu, kumbuka anashuka polepole. Usiruke kumfuata, msubiri chini.

Na angalia nani anaongoza. Kama yeye yuko mbele kwa asilimia, hana sababu ya kuja, saa inamfanyia kazi. Kama wewe uko mbele, wewe nawe huna sababu ya kwenda. Nimeona Bowser walioongoza kwa maisha mazima wakikimbilia makombora utadhani wanadaiwa.

Wenye panga wanahitaji fikra nyingine kabisa, na hapa ndipo kujua mhusika mwenyewe kunapolipa. Marth na Lucina wanafanana mno, watu wanawacheza kana kwamba ni mmoja. Panga la Marth lina nguvu kwenye ncha, ndani ni dhaifu. Kwa hiyo dhidi ya Marth, kumbana kifuani ni nafuu hata kama utapigwa, kwa sababu utapigwa kidogo. Panga la Lucina lina nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kumkaribia hakukupunguzii kitu, na lazima umsubiri akose. Ukimpelekea Lucina dawa ya Marth utakufa mapema kila mechi na utasema mechi ni mbaya.

Link anahitaji neno moja kuhusu bomu. Bomu lake kwenye Ultimate analilipua mwenyewe anapotaka, na anaweza kuwa nalo moja tu kwa wakati. Unaweza kulidaka, lakini ukilidaka usitembee nalo, maana atalilipua likiwa mkononi mwako. Mrudishie saa hiyohiyo.

Kwa Sonic, usimkimbize.

Kuhusu viwanja, wengi wetu tunakubali chochote kinachotokea, na huko ni kutoa ushindi bure. Kwenye mashindano ya kawaida aliyeshinda mechi huzuia baadhi ya viwanja, na aliyeshindwa huchagua kati ya vilivyobaki. Dhidi ya mtu wa kurusha, Final Destination ndicho cha kuzuia kwanza: ni tambarare, hakina jukwaa hata moja. Battlefield ina majukwaa matatu, Pokémon Stadium 2 ina mawili, na kila jukwaa ni njia ya kumfikia isiyopita mbele ya bunduki. Lakini usifanye hiyo kuwa sheria ya kila mechi. Kwa wahusika wanaopenda kukupiga kutoka chini wakikudundadunda, majukwaa hayo yanawasaidia wao, na mwili wa Bowser haufichiki.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: si bora nichukue mhusika wa pili kwa ajili ya mechi mbaya? Wakubwa wenyewe hawakubaliani. Kwenye Melee, Smash ile ya mwaka 2001, mchezaji Armada wa Sweden alikuwa akicheza Peach, na kwa ajili ya Jigglypuff wa mpinzani wake Hungrybox akamtoa Young Link, baadaye akamlea Fox. Upande mwingine yuko aMSa wa Japani, aliyeng'ang'ana na Yoshi miaka yote ambayo watu walimwambia Yoshi hatoshi, na mwaka 2022 akashinda mashindano ya The Big House 10 na Yoshi huyohuyo. Mimi kwa mazingira yetu namfuata aMSa. Tunakutana wikendi, mashine ni moja, padi zinazofanya kazi vizuri ni mbili, na umeme ukikatika jioni imeishia hapo. Mhusika wa pili anakula nusu ya muda ambao tayari hautoshi. Mtu mwenye Switch yake na muda wa kila siku anaweza kufikiri tofauti, na sitabishana naye.

Yuko mmoja ninayemweka kando, Steve wa Minecraft, aliyeingia Oktoba 2020. Mashindano kadhaa Marekani yamempiga marufuku. Kama kwenu kuna anayemcheza, kubalianeni kabla bonanza halijaanza kama anaruhusiwa au la, tena mbele ya watu wote. Kubishana katikati ya nusu fainali kunaharibu urafiki.

Upungufu mkubwa tulionao kwa sasa ni wahusika wenyewe. Sinza hatuna Min Min, hatuna Pac-Man, hatuna Olimar. Tunawajua kwa video tunazopakua na bando la usiku tu, na video haikujibu unapobonyeza. Kama uko Dar na unamcheza mmoja wao, hata kama unajiona bado mchanga, jitokeze. Beba padi yako, na uwe tayari kunikabidhi mhusika wako jioni nzima huku wewe ukihangaika na Bowser.